Nilivyonakili Utupu Juu ya Sauti ya Baba

Nianze na upumbavu wenyewe, tumalizane nao mapema. Nilichukua sava mpya, tupu kabisa, haina hata picha ya paka, nikaiunganisha na sava ya zamani ya marehemu baba iliyojaa kazi zake zote, nikaziamuru zifanane. Zikafanana. Zote mbili zikawa tupu.

Wadogo zangu mlioko darasa la saba na kidato cha kwanza, anayewaandikia hapa ni mstaafu. Msicheke. Niko kidato cha nne, ndevu zangu bado zinahesabika, lakini kazi nimeifanya tangu nikiwa darasa la sita, bila mshahara na bila likizo: kutunza sava ya nyumbani kwetu Nyasho, hapa Musoma. Sasa mtihani wa taifa umenikalia shingoni na kazi namkabidhi mdogo wangu Nyangeta, ambaye ameshaanza kunidharau kabla hata hajashika waya. Nimeona niwaandikie yeye na nyinyi wote mtakaoachiwa vitu vya wazazi kwa sababu tu mnajua kubonyeza. Na aliyoyasema mama baada ya yote nitayaweka mwishoni kama alivyoyatamka. Mengine humu naweza kuyatia chumvi kidogo. Hayo siyagusi.

Sava ya nyumbani ni kitu cha kawaida tu. Ni kiboksi cheusi, ukubwa wake kama mkate, ndani kina diski mbili, nyuma kina waya unaokwenda kwenye ruta. Simu na kompyuta zote za nyumbani zinakifikia bila kukishika. Chetu kilikaa juu ya kabati la vyombo, kikiunguruma taratibu kama mtu anayesali peke yake. Baba alikinunua alipochoka na kanda. Alikuwa mpiga video, watu wakimwita Magesa wa Video. Alianza na kanda kubwa zile, zikaota ukungu. Akaja kwenye sidii, zikachunika. Akaja kwenye flashi, tukazipoteza sisi watoto. Mwisho akaketi siku nyingi akihamisha kila kilichopona, kimoja baada ya kingine, mpaka harusi, vipaimara na misiba ya nusu ya Mara ikawa juu ya kabati letu. Mabaki ya kanda akayachoma moto nyuma ya nyumba. "Sasa tumepumua," alisema.

Alipofariki, mama akashika kamera na studio yake. Mimi nikashika sava.

Sasa sikieni jambo moja, ndilo lililobeba mengine yote. Baba alirekodi watu maisha yake yote, lakini yeye hakurekodiwaga. Mpiga video huwa nyuma ya kamera, hilo mnalijua. Ilikuwepo video moja tu ambayo yeye yuko mbele. Ilikuwa siku ya shukrani ya bibi, mama yake baba, kanisani Butiama. Mama alimnyang'anya kamera akamwambia, "Leo simama wewe." Akasimama, akamshika bibi bega, akazungumza. Alimshukuru kwa kumsomesha kwa maziwa ya ng'ombe mmoja mwenye kichaa. Watu walicheka, bibi akalia.

Tulikuwa tumepanga video hiyo ichezwe siku ya kujengea kaburi na kuweka msalaba, huko Butiama. Bibi ndiye aliyeiomba. Macho yake yameingia ukungu, watu anawatambua kwa kukohoa kwao. Alimwambia mama, "Kumuona siwezi tena. Masikio bado ninayo. Mniletee nimsikie."

Basi sauti hiyo ndiyo niliyokuwa naitunza. Mengine yote yalikuwa ni harusi za watu.

Wazo la sava ya pili lilitokana na radi. Mnaijua radi ya huku ziwani, haina adabu. Ilipiga nyumba ya jirani, ikaunguza televisheni, friji na feni iliyokuwa imeharibika tangu zamani. Mama aliingia ndani akakitazama kiboksi juu ya kabati, kisha akasema lazima kuwe na kingine, na kikae mbali, kwa shangazi, mtaa wa Nyasura kule Bunda. Mimi nikasema ni kweli, radi ya Musoma haiwezi kupanda basi mpaka Bunda. Alicheka siku ile. Nakumbuka kwa sababu baada ya hapo alikaa muda mrefu bila kucheka.

Hapa kuna ufundi, shikeni. Sava ya pili huijazi kwa mbali mara ya kwanza. Ningetuma kazi zote za baba kwa intaneti kutoka Nyasho mpaka Nyasura, ningemaliza bando la ukoo mzima na bado ningekuwa kwenye harusi za kabla sijazaliwa. Unaziweka zote mbili nyumba moja, ruta moja, waya kwa waya, unaijaza, ndipo unaipakia kwenye begi na kuipeleka inakokwenda kukaa. Baada ya hapo zinatumiana vile vipya tu, kidogo kidogo. Hilo la kuziweka pamoja nililifanya sawasawa. Ndiyo maana zote mbili zilikuwa mezani kwetu siku ile, zimefanana kama mapacha.

Na mimi, kwa kuwa ni mimi, nikazipa majina. Moja nikaiita Mwalimu Mkuu, nyingine Mwalimu wa Nidhamu. Rafiki yangu Chacha alikuwepo, alicheka mpaka akakaa chini. Basi tukaanza kuigiza, Mwalimu Mkuu akimwagiza Mwalimu wa Nidhamu, Mwalimu wa Nidhamu akimjibu kwa kukoroma. Kicheko kilipoisha, nikawa sina hakika tena nani ni nani. Ukurasa ulikuwa mbele yangu: kushoto kunauliza vitu vinatoka wapi, kulia vinakwenda wapi, katikati kuna mshale. Chini yake kuna kiboksi cha kuweka tiki, kinauliza kama ufute kule kulia kila kisichokuwepo kushoto, ili pande zote zilingane.

Nikaweka tiki. Napenda usafi.

Nikabonyeza, nikaenda jikoni kuchukua uji. Niliporudi, uji bado unatoa moshi, kazi ilikuwa imeisha. Kazi ya baba ya miaka yote hiyo, imeisha kabla uji haujapoa. Na mnajua nilifanya nini? Nilijisifu. Nilimwambia Chacha, "Unaona ruta yetu ilivyo na mbio?"

Wadogo zangu, kazi kubwa ikiisha upesi, weka kikombe chini.

Chacha ndiye aliyesema, "Mbona zote zinaonyesha nafasi ipo kibao?" Nikatazama. Kushoto niliweka ile tupu. Mshale ulikuwa umechukua utupu ukaupeleka kwa uaminifu mkubwa mahali palipokuwa pamejaa, na tiki yangu ikafagia. Nikaugeuza mshale haraka, nikabonyeza tena, nikidhani vitarudi. Utupu ukaenda kwenye utupu. Safari hii ilikuwa na mbio zaidi.

Chacha alichukua viatu vyake, akavivalia nje.

Sava zina kapu la taka, ukifuta kitu kinakaa humo kwa muda. Zina pia uwezo wa kukumbuka zilivyokuwa jana na juzi. Vyote viwili nilikuwa nimevizima mwenyewe miezi ya nyuma, kwa sababu vinakula nafasi. Hilo nilimwambia mama baadaye. Lakini kuna lililofuata ambalo sikumwambia, na ndilo baya kuliko yote.

Mama alikuwa studio, angerudi wakati wowote. Kwenye simu yake anaweza kuona sava imejaa kiasi gani, ni mchoro wa duara tu, palipojaa pana rangi, palipo tupu ni peupe. Niliogopa alione lile duara jeupe kabla sijamwambia mwenyewe. Basi nikachukua diski yangu ya nje yenye video za mpira, miaka yote ya magoli niliyopakua, nikazimwaga zote kwenye sava ya baba, tena mara mbili mbili, mpaka duara likapata rangi. Nikaziweka kwenye folda niliyoiita Hisabati, mahali ambapo hakuna mtu wa nyumbani kwetu angeingia kwa hiari yake.

Halafu nikakaa nikasubiri, na mama alipoingia nikamwambia kuwa kazi za baba zimefutika. Machozi yalikuwa ya kweli. Hisabati sikuitaja.

Akaniuliza swali moja. "Na ile ya Butiama?"

"Nayo."

Akatoka nje akaanza kuanua nguo. Zilikuwa bado zinachuruzika maji.

Kesho yake tulikwenda mjini kwa Masatu. Masatu ana kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta karibu na soko, na zamani alimbebea baba taa na nyaya. Ndiye aliyenifundisha mimi kutambua waya uliochoka kwa kuukunja karibu na sikio. Aliifungua sava bila haraka, akatoa diski, akaziunganisha kwenye mashine yake, akakaa anatazama.

"Usihofu sana, mama," alisema. "Ukifuta, kitu chenyewe hakiondoki hapohapo. Kinaondoka jina. Chenyewe kinalala palepale mpaka kije kingine kukalia nafasi yake. Sasa kama hamkuigusa..." Akaisogelea skrini. "Mafuru. Baada ya kufuta, kuna kitu mliweka humu?"

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, mkoba kwapani.

"Sijui," nilisema. "Labda yenyewe tu."

"Yenyewe itageje, kwani ni kuku?"

Masatu alinitazama, akamtazama mama, akarudi kwenye kazi yake. Mtu aliyefunzwa kazi na baba angeweza kunianika pale, lakini alinisitiri, na kule kusitiriwa kulinichoma kuliko kofi. Mama alifuta vumbi kwenye kioo cha kaunta kwa kidole, akakitazama kidole.

Siku kadhaa baadaye Masatu alituita. Alikuwa ameokoa picha nyingi zisizo na majina na vipande vya video, harusi isiyo na mwisho, msiba usio na mwanzo. Ile ya Butiama ilifunguka. Picha ilisimama tu, haikwenda: kichwa cha baba, mdomo wazi, mkono kwenye bega la bibi, kuanzia kifuani kwenda chini ni vigae vya kijivu. Sauti hakuna. Masatu aliongeza spika mpaka mwisho, tukasikia mvumo wa spika.

Mama alimtazama baba pale alipokwama. Alimtazama kwa muda ambao mimi sikuuweza, nikatoka nikasimama kwenye jua.

"Zima," nilimsikia akisema.

Kuanzia hapo mama aliongea na mimi maneno ya lazima. Kula. Funga mlango. Fulana yako iko kwenye kamba. Hakunifokea hata mara moja, na nyinyi mnaofokewaga kila siku mnaweza kudhani hiyo ni nafuu. Niulizeni mimi. Ile sava mpya iliyobaki tupu alinipa nipeleke Bunda kama ilivyopangwa, na yale mabaki ya Masatu ndani yake, maana alisema mabaki nayo yana wenyewe.

Shangazi wa Nyasura, dada yake baba, aliipokea kama mgeni. Aliiweka sebuleni, mahali pa heshima, nami nikarudi Nyasho. Haikupita wiki ikaacha kujibu. Nikapiga simu kuuliza: haikuwa umeme, haikuwa luku, haikuwa ruta. Mama akaniambia, "Nenda." Nikaenda.

Nilimkuta shangazi akichambua dagaa kwenye ungo. Sava ilikuwa imevikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kile cha maua pembeni, kimeifunika mpaka chini, na juu yake kumekaa chombo cha maua ya plastiki. Niligusa, ilikuwa ya moto kama pasi.

"Shangazi! Umeiziba pumzi!"

"Mimi? Nimeifunika ipendeze. Kitu cha kaka yangu kitakaa uchi sebuleni kwangu, wageni wanakuja?"

"Inahitaji hewa, shangazi. Ina feni huku nyuma."

"Ina feni na bado inaona joto? Basi mliuziwa kibovu."

Tulikubaliana kitambaa kikae chini yake, siyo juu. Maua yakahamia kwenye televisheni. Nyangeta, hili liandike mahali: ukifika nyumba yoyote ya huku, jambo la kwanza tafuta kitambaa.

Ilipopoa ikawaka. Nikamuonyesha shangazi kwenye simu ile picha ya baba iliyokwama. Hakuishika simu, aliinamia tu, mikono yake ina dagaa.

"Hata sauti?"

"Hata sauti, shangazi. Ndiyo hiyo bibi aliyokuwa anaisubiri. Siku ya msalaba ikifika sijui tutamwambia nini."

Akarudi kwenye ungo wake. Alichambua kidogo, akasema, kama mtu anayeongea na dagaa, "Kaka hakuonekanaga kwenye video za watu. Lakini kunyamaza ndio alikuwa hawezi."

Nilimtazama. Akainuka, akanawa, akaingia chumbani, akatoka na sidii ya harusi yake kwenye mfuko wa kanga. Tukaiweka. Picha inachezacheza, shangazi kijana amesimama na shela, midomo inatetemeka. Halafu kutoka nyuma ya kamera, karibu sana, kana kwamba amekaa kwenye kochi letu:

"Dada, usilie sasa hivi, taa haijakaa sawa. Subiri. Subiri... Haya, lia."

Shangazi wa kwenye video akalia. Na wa kwenye kochi naye.

Hapo ndipo nilipoelewa tulivyokuwa wajinga. Kila mteja wa baba alipewa nakala yake. Waliokuwa na moja tu, iliyolala juu ya kabati, ni sisi wenye studio. Baba alikuwa amesambaa Mara nzima, kwenye masanduku ya nguo, chini ya vitanda, ndani ya makabati ya watu, akiwaamuru wasogee.

Basi nikaanza kuzunguka. Shule kwanza, kisha Jumamosi na likizo. Masatu aliniazima laptopu na kisomeo cha sidii, akanipa waya wa akiba bila kunitazama usoni. Sikumwomba mama ruhusa. Alikuwa ananiona.

Nyasho hapahapa kuna dada mmoja anauza vitenge. Nilipomwambia nataka video ya harusi yake alishika kiuno.

"Harusi gani? Na yule mwanaume nilishamrudisha kwao?"

"Dada, simtaki yeye. Namtaka mpiga video."

"Uende na harusi yangu ukamkate bwana harusi, umkate na bibi harusi, ubaki na mpiga video?"

"Ndiyo, dada."

Alicheka akaita na wenzake wasikie. Kisha akaingia ndani, akachelewa, akatoka macho yamebadilika. "Baba yako ndiye aliyenirekebishia shela," alisema. "Chukua yote. Usinirudishie."

Kwenye kijiji kimoja cha rasi, huko ambako nyumba zinatazama ziwa pande mbili, mzee mmoja mvuvi alinipeleka kwenye bustani ya nyanya. Sidii ya msiba wa mwanawe ilikuwa inaning'inia kwenye uzi, inazungukazunguka na kumulika ndege wasile. "Tuliitazama mara moja," alisema. "Mara ya pili tulishindwa. Nikaona bora ifanye kazi." Aliukata uzi kwa jino. Niliiosha kwa maji na sabuni, nikaifuta kutoka katikati kwenda nje kama baba alivyonifundisha, msiifute kwa kuzungusha, mtaimaliza. Sehemu kubwa ilikataa. Lakini kulikuwa na mahali kamera inamwangalia mama wa marehemu, na sauti ya baba iko chini sana, ile ambayo sisi nyumbani tulikuwa tunaisikia tukiwa na homa: "Pole, mama. Ukitaka nizime, nizime." Kimya. Halafu picha inazimika. Alikuwa amezima kweli.

Mzee yule aliniomba niirudie. Niliirudia.

Wengine walinifukuza, nisiwadanganye. Wengine flashi zao zilikuwa zimejaa miziki ya watoto wao juu ya harusi zao wenyewe, nikawatazama wale watoto kama ndugu. Nilikuwa narudi nyumbani na vipande vya sekunde chache, naviweka kwenye laptopu na kwenye flashi palepale kabla sijanyanyuka, na kila kimoja nakisikiliza mpaka mwisho. Faili linaweza kuwa na jina na uzito na ndani kusiwe na mtu. Msiamini jina. Fungueni, sikilizeni, ndipo mwondoke.

Jioni moja nimevaa visikizio sebuleni nikasikia harufu ya sato. Mama alikuwa ameweka sahani ya ugali karibu na laptopu. Akasogeza nyaya pembeni zisiloe mchuzi, akavuta kisikizio kimoja, akakiweka sikioni mwake. Baba alikuwa anamwambia mtu, "Wewe wa koti jekundu, umesimama kama nguzo ya umeme, cheka basi." Mama alisikiliza mpaka kikaisha. Akanirudishia. "Kula," alisema.

Nilipoviunganisha vipande vyote, niliketi mbele ya ule ukurasa kwa mara ya kwanza tangu siku ya uji. Majina ya walimu nilishayaondoa. Sasa moja inaitwa Ya Zamani Nyasho, nyingine Ya Pili Nyasura, majina ambayo hayamchekeshi mtu, na ndiyo sifa yake. Kapu la taka nimeliwasha, kumbukumbu ya jana na juzi nimeiwasha, na ile tiki ya kufuta hata kidole hakiisogelei. Sava mbili zinazofanana kila kitu zinafanana hadi makosa: ukifuta huku, kule nako kumefutwa. Nakala ni ile inayobaki na kitu hata wewe ukikosea. Nikauweka mshale, nikamwita Nyangeta, nikamwambia ausome kwa sauti, kidole kwenye skrini. Akasoma: "Kutoka Nyasho, kwenda Nyasura." Akaniuliza kama mimi sijui kusoma. Nikamwambia nilidhani najua.

Siku ya msalaba tulikwenda Butiama asubuhi. Turubai, viti, sufuria za wali, ng'ombe wa jirani wanachungulia. Kaburi lilikuwa na vigae vipya, na msalaba ukawekwa, na mchungaji akaomba. Kisha ukoo ukaketi, bibi mbele kwenye kiti chake na fimbo mapajani, na mama akatangaza kwamba ile video ya siku ya shukrani haipo tena. Hakusema kwa nini. Nilikuwa karibu na spika, nikakagua tena nyaya.

"Lakini mwacheni Mafuru aweke alichonacho," alisema.

Nikabonyeza. Hakukuwa na picha, sauti tu. "Dada, usilie sasa hivi, taa haijakaa sawa." Watu wakaguna, wakaanza kucheka. Koti jekundu, wakacheka zaidi. "Jamani mmenuna, hamjala?" Mjomba mmoja akajibu tumekula. Ikaja ile ya msiba, vicheko vikakatika vyote pamoja. Bibi alikuwa ameinamisha kichwa, sikio limeelekea kwenye spika, hatikisiki.

Kipande cha mwisho nilikipata Nyasura, harusi ya jirani wa shangazi. Baba alikuwa anapanga watu kwa ajili ya picha ya familia, na mama wa bwana harusi alikuwa amejificha nyuma kwa aibu ya nguo yake.

"Mama mzazi yuko wapi? Mama, njoo mbele. Usijifiche huko nyuma. Tunakutaka wewe."

Bibi alishika fimbo. Akasimama. Shangazi alitaka kumzuia, mama akamshika shangazi mkono. Bibi akatembea akiitafuta ardhi kwa fimbo mpaka kwenye spika, akaipapasa juu yake kama unavyopapasa kichwa cha mtoto.

"Nimekuja, Magesa," alisema.

Sauti ilikuwa imeshaisha. Mimi sikubonyeza kingine.

Alasiri watu walipotawanyika nilimkuta mama nyuma ya nyumba anaosha sufuria kwa majivu. Nilichuchumaa nikashika nyingine. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia, maneno nilikuwa nayo tangu kwenye bustani ya nyanya, lakini kila nilipofungua mdomo ulitoka mkwaruzo wa sufuria tu. Akasuuza yake, akaiinamisha juani, akajifuta mikono kwenye kanga. Ndipo aliposema:

"Hii sauti iweke nyumbani, iweke kwa shangazi yako, na ya tatu ibaki hapa kwa bibi yako. Na ile folda yako ya Hisabati, ifute. Niliifungua siku ileile. Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe."